TAHADHARI: SSD za "2TB" za bei chee zinazouzwa Dar, nyingi ndani ni memori kadi

Wakuu, kama unapanga kutoa hadi diski ya laptopu yako ya zamani uweke SSD (diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina sahani inayozunguka), soma hii kabla hujatoa hela. Kuna SSD feki zinazunguka mjini, Kariakoo kwenyewe na zaidi kwenye kurasa za Instagram na magrupu ya WhatsApp, ule mtindo wa "lipia kwanza, boda anakuletea". Zimeandikwa 1TB au 2TB, bei ni ya 240GB. Hapo tayari shtuka. Chipu za kuhifadhia ndizo zinazobeba gharama ya SSD, na hakuna mfanyabiashara wa kukupa mara nane ya mzigo kwa bei ileile.

Ukifungua kasha la feki unakuta kipande kifupi cha saketi, na juu yake memori kadi au chipu ya fleshi ya 32GB au 64GB. Ujanja uko kwenye kontrola, ile chipu inayoiendesha diski: imechezewa ili iiambie Windows kwamba diski ni ya 2TB, na Windows inaamini. Kwa hiyo muuzaji akiichomeka mbele yako akakuonyesha "1.81 TB" kwenye Properties, bado hajathibitisha kitu.

Hata laptopu kuwaka si ushahidi. Windows ikiwa ndiyo kwanza imewekwa inachukua kama 20GB hadi 30GB tu, inaenea vizuri, fundi anachukua chake anaondoka. Balaa linaanza nafasi halisi inapojaa. Kontrola inaendelea kupokea mafaili kama kawaida, ila inayatupa, au inayaandika juu ya yale ya mwanzo. Jina la faili lipo, ukubwa upo, ukifungua picha haifunguki. Na usihangaike na programu za kuokoa data: kisichowahi kuandikwa hakiokoleki.

Kipimo cha uhakika ni kuijaza yote kisha kuisoma yote. Tumia programu ya Windows inayoitwa H2testw, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa (inafunguka kwa Kijerumani, chagua English). Chomeka SSD kwa waya wa SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski za laptopu) kwenda USB, iformati, chagua "all available space", bonyeza "Write + Verify". Ikimaliza na kukuletea maandishi mekundu yenye "DATA LOST", hiyo ni feki au mbovu, hakuna mjadala. Wa Linux watumie f3write halafu f3read. Chomeka kwenye USB 3: SSD ya SATA ya kweli hapo huanza na MB 400 hivi kwa sekunde, feki nyingi zinajikongoja kwenye 20 au 40. Kwenye USB 2 zote zitaonekana polepole, na 480GB itakula karibu saa nne kuandika tu, bado kusoma. Dukani hakuna atakayekusubiri muda huo, kwa hiyo kubalianeni kurudisha kabla hujalipa, iandikwe kwenye meseji, na udai risiti ya EFD. Anayekataa vyote viwili, mwache na mzigo wake.

Aina ya pili ni iliyotumika inayouzwa kama mpya. Fungua programu ya CrystalDiskInfo utazame "Power On Hours" (saa ilizokaa imewashwa) na "Total Host Writes" (data iliyoandikwa tangu ianze kutumika); mpya haiwezi kuwa na maelfu ya saa. Wapo wanaozirudisha namba hizo sifuri, kwa hiyo angalia na macho: meno ya dhahabu ya SATA yenye mikwaruzo mingi, matundu ya skrubu yaliyochubuka, stika iliyobandikwa juu ya nyingine. Kwa hadi diski za kawaida, kwenye programu hiyohiyo mistari ya 05 na C5 (hesabu ya sehemu mbovu au zinazoshukiwa) ikiwa imepanda juu ya sifuri, iache.

Pia kuna wanaokusukumia NVMe (SSD ya aina mpya zaidi, umbo la kijikadi chembamba) bila hata kuuliza modeli ya laptopu. Nyingi za zamani zinataka SATA ya inchi 2.5, na zilizo na tundu la M.2 (la kuchomeka vijikadi hivyo) baadhi yake zinakubali SATA tu. NVMe hapo ama haiingii, ama inaingia na haionekani. Ukirudi dukani unaambiwa "umeiunguza mwenyewe".

Ukiikamata feki, usiweke kitu tena ndani yake. Piga picha ya skrini ya H2testw, tunza boksi, risiti na meseji, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Mwisho, kwa fundi: piga picha ya RAM na betri kabla ya kumwachia mashine, maana hubadilishwa. Na ile diski yako ya zamani ondoka nayo hata akikuambia imekufa. Nyingi hazijafa, na zina picha na nywila zako zote.