ntfs-3g kwa wenye Windows na Linux mashine moja: naipa nyota nne

ntfs-3g ni programu inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika draivu za Windows, zile za mfumo wa NTFS. Kama laptopu yako ina Windows na Linux pamoja hii ishakukuta, uko Ubuntu unafungua ile draivu D, picha unaziona, muziki unapiga, ila ukijaribu kusevu kitu inakugomea eti diski ni ya kusoma tu. Hapo utaona mtu anakimbilia sudo chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kuandika), wala haisaidii. Draivu ikiwa ya kusoma tu chmod inakataliwa, na hata ikiwa inaandikika, ntfs-3g kama hujaiwekea ile opsheni ya permissions inaipokea kimya kimya na haibadilishi kitu.

Sasa mimi naitetea hii programu maana watu wanaitukana bure eti ndo inayowagomea. Toka Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na mashine nyingi zinakuja nacho kimewashwa, yaani ukibonyeza Shut down Windows haizimi kabisa, inajilaza, sehemu ya kumbukumbu yake inaihifadhi kwenye hiberfil.sys pamoja na habari za mafaili yalipo kwenye diski. Linux ikija kuandika humo, Windows ikiamka inaendelea na ramani yake ya zamani na mafaili yako ndo yanaharibikia hapo. ntfs-3g inaiona hiyo hali, inakataa kuandika, na sababu inaitoa kabisa, ila ukifungulia kwenye folda huioni, ndo maana nasema nenda teminali upige sudo mount -t ntfs-3g /dev/sda3 /mnt usome inachosema (sda3 ni mfano, ya kwako itazame kwa lsblk -f).

Dawa iko Windows siyo Linux. Fungua CMD kama admin, piga powercfg /h off (inaizima Fast Startup), zima mashine, basi. Kama hutaki kuiondoa moja kwa moja shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down, au hata Restart inatosha maana restati inafunga kweli kweli. Kuna na opsheni ya ntfs-3g yenyewe, remove_hiberfile, inafanya kazi lakini inafuta kile Windows ilichokilaza, kama uliacha dokyumenti hujasevu isahau.

Nyota niliyoikata ni ya spidi. ntfs-3g inapitia FUSE, yaani inafanya kazi nje ya keneli (moyo wa Linux), we kopi folda lenye mafaili madogo madogo mengi halafu fungua top uone mount.ntfs inavyopanda juu kula prosesa. Mbadala ni ntfs3 ya kampuni ya Paragon, iliingia kwenye keneli 5.15 mwaka 2021, hiyo ina kasi ila ina visa. Ikikuta draivu ina alama ya uchafu, labda umeme ulikatika au ilichomolewa vibaya, inagoma kumaunti (kuifungua draivu itumike) mpaka uilazimishe kwa force na mimi sishauri, bora alama uitoe kwa sudo ntfsfix -d draivu ikiwa haijamauntiwa. Na hiyo ntfsfix inakuja na ntfs-3g hiyo hiyo mnayoitukana! Ila jamani siyo chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, inarekebisha vitu vichache vya msingi tu, ukaguzi wenyewe kafanyie Windows. Halafu ntfs3 usipoiandikia mmiliki kwenye fstab (faili la Linux lenye orodha ya draivu za kumaunti mashine ikiwaka) kila kitu kinakuwa cha root, yaani admin wa Linux, wewe unabaki mtazamaji, wakati ntfs-3g yenyewe kwa kawaida inamwachia kila mtu aandike.

Mstari wangu mimi wa fstab ni huu:

UUID=... /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0

UUID ni namba ya utambulisho ya draivu, unaipata kwenye lsblk -f, ya NTFS ni tarakimu na herufi 16 tu, na uid yako (namba yako ya mtumiaji) piga id -u. windows_names inakuzuia usiite faili jina lenye nukta mbili au alama ya kuuliza, Linux haina neno ila Windows ikilikuta haiwezi kulifungua. nofail ndo wengi wanaisahau, bila hiyo siku diski ya nje haijachomekwa mashine haimalizi kuwaka, inakutupa kwenye skrini nyeusi ya emajensi unaanza kutafuta fundi.