Hotispoti nyuzi 110, na huduma kwa wateja iliyonijibu kwamba ni kawaida

Nianze na alama, ili asiye na muda wa kusoma yote aende zake: kadi yenyewe ya grafiki (kifaa kinachochakata picha ndani ya kompyuta) naipa nyota nne kati ya tano. Huduma kwa wateja ya kampuni iliyoitengeneza naipa moja, na hiyo moja ni kwa vile sifuri hairuhusiwi. Jina la kampuni sitalitaja, maana sitafuti malumbano. Yaliyonikuta yangeweza kunikuta kwa kampuni nyingine yoyote kati ya hizi zinazonunua chipu kwa mwingine, zikaijengea kipoza joto chao, zikabandika nembo yao na kuiuza.

Kazi yangu ni kuhariri video na kutengeneza picha za 3D. Michezo ni ya usiku, kazi ikiisha. Kadi niliinunua mpya, boksi halijafunguliwa, feni tatu, nzito kiasi kwamba ilikuja na kigingi chake cha kuiegemeza isipinde. Miezi 7 ya kwanza sikuwa na neno nayo. Ukiwa unaandika tu, feni hazizunguki kabisa. Zinaamka joto likifika kama nyuzi 55, na hata zikiamka huzisikii mpaka utege sikio.

Mwezi wa nane nikaanza kuzisikia. Mara zinanyamaza, mara zinavuma kama mashine ya kusaga, bila sababu ninayoiona. Renda, yaani kompyuta kuchakata kazi hadi itoke video au picha iliyokamilika, niliyozoea kuimaliza kwa dakika 40 ikawa dakika 52. Mchezo unaanza vizuri, ukipita robo saa picha zinaanza kukwamakwama. Nikasema ni vumbi. Nikafungua kasha, nikapuliza, nikafuta, nikafunga. Hali ile ile.

Ndipo nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma sensa za kompyuta, nione kadi inasema nini yenyewe. Kwa wasiojua, kadi nyingi, ingawa si zote, hutoa namba mbili za joto la chipu. Ya kwanza ni joto la GPU, yaani chipu kuu ya kadi, hii inayoonyeshwa na kila programu. Ya pili ni hotispoti: ndani ya chipu kuna sensa nyingi zimetawanywa, na hotispoti ni ile inayosoma juu kuliko zote kwa wakati huo. Kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hotispoti kuizidi namba ya kwanza kwa nyuzi 10 hadi 20 hivi si jambo la kukunyima usingizi. Yangu ilikuwa hivi: GPU 74, hotispoti inapanda 106, 108, 110. Ikigusa 110 kadi inajibana, spidi ya chipu inashuka kutoka karibu MHz 2,500 hadi 1,900 na kitu, joto linapungua kidogo, spidi inapanda tena, na mzunguko huo unaanza upya. Kumbe ndiyo hiyo sauti ya feni kupanda na kushuka.

Tofauti ya nyuzi 32 hadi 36. Hiyo tofauti ndiyo habari yote ninayotaka kuwaeleza hapa, kwa sababu ndiyo ambayo kampuni ilikataa katakata kuitazama.

Kabla ya kulalamika niliipima kadi mwenyewe. Nilitoa ubavu wa kasha na kusimamisha feni ya mezani karibu yake. GPU ikashuka hadi 68, hotispoti ikashuka hadi 103. Zote mbili zimeshuka pamoja, lakini pengo kati yao limebaki pale pale. Kama shida ingekuwa kasha kukosa hewa, hewa ingeimaliza. Pengo lisipoguswa na upepo, ujue kuna mahali uso wa chipu na uso wa kipoza joto havigusani sawasawa, na hapo hata ukileta kimbunga chumbani haisaidii.

Nikalaza kompyuta ubavu pia. Usicheke, lina sababu yake. Januari 2023 AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX, zile za muundo wake yenyewe, zilikuwa zinafika nyuzi 110 kwa sababu chemba ya mvuke ndani ya kipoza joto (kijisanduku bapa ambamo maji huvukizwa ili kuondoa joto kwenye chipu) ilikuwa na maji pungufu. Kwenye kadi hizo, namna kadi ilivyolala ilibadilisha joto. Yangu si kadi hiyo wala si ya kampuni hiyo, lakini kujaribu hakugharimu kitu. Haikubadilika hata nyuzi moja. Basi nikabaki na mshukiwa mmoja: pesti ya joto, ule uji mzito unaopakwa kati ya chipu na kipoza joto ili joto lipite vizuri.

Waranti ni ya miaka 3, mimi sijamaliza hata mmoja. Nikafungua tiketi nikiwa na moyo mweupe. Niliandika kila kitu: namba, picha za skrini, jaribio la feni, dakika ngapi hadi ifike 110. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku 3. "Ndugu Mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali sasisha draiva." Yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Nimesasisha. "Tafadhali sakinisha Windows upya." Hili lilinichukua Jumamosi nzima, maana mashine ya kazi haiwekwi upya kama simu. Hakuna kilichobadilika, nikasema hakuna kilichobadilika. "Tafadhali tuma picha ya risiti na namba ya seria." Nilikuwa nimeshazituma kwenye ujumbe wa kwanza. Nikatuma tena. "Tafadhali tuma video." Nikatuma video ya dakika 20, skrini yote inaonekana, namba zinapanda.

Jibu: "Joto la GPU la nyuzi 74 liko ndani ya kiwango cha kawaida."

Nikawaandikia kwamba sijalalamikia 74, nalalamikia mstari ulio chini yake. Nikachora duara jekundu kwenye picha, na mshale. Jibu la safari hii lilitoka kwa mtu mwingine: "Joto la nyuzi 110 ni kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wa chipu, kwa hiyo ni kawaida." Nadhani hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kikomo ni mahali kadi inapoanza kujibana isije ikaungua. Kadi inayoishi pale kila siku ni sawa na gari ambalo sindano ya joto haitoki kwenye nyekundu, halafu fundi anakwambia gari liko salama kwa sababu nyekundu nayo imo kwenye dashibodi.

Nikamjibu hivyo hivyo. Siku 4 kimya. Kisha mtu wa tatu akaingia kwenye tiketi: "Ndugu Mteja, je, umejaribu kusasisha draiva?"

Ilibidi nipige simu. Nilipokelewa na kijana mpole, mwenye adabu, na kusema kweli sina kinyongo naye. Nilipombana kwa nini kila mtu anaanza upya, akashusha sauti: "Kaka, sisi tunafuata maelezo yanayokuja kwenye skrini. Hotispoti haina ukurasa wake." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Yeye ndiye aliyenifungulia njia ya kupeleka kadi ipimwe, na bila yeye pengine ningekuwa bado napigwa danadana.

Usafirishaji juu yangu. Wiki 5 kadi haipo, nami narudi kwenye kadi yangu ya zamani, renda ya dakika 40 inakula saa 3. Ikarudi imefungwa vizuri, na kijikaratasi: imepimwa, hakuna hitilafu. Pembeni kwa kalamu mtu ameandika "dk 10".

Dakika 10. Kwenye video yangu hotispoti inavuka 105 dakika ya kumi na nne. Na kuna jingine. Kwenye moja ya skrubu nne zinazobana kipoza joto kwenye chipu kuna kistika kidogo cha duara, ukubwa wa punje ya dengu, chenye maandishi ya kukuonya usikitoe. Nilikipiga picha kabla ya kutuma. Kilirudi kikiwa kilekile, na mkunjo wake uleule upande wa kushoto. Hakuna aliyeifungua kadi ile. Waliichomeka, wakaiangalia 74 yao, wakaichomoa.

Nikawauliza kwa maandishi: nikiifungua mwenyewe, waranti inakufa? Wakajibu: "Hatupendekezi." Nikasema sijauliza mnachopendekeza, nimeuliza waranti. Wakajibu: "Hatupendekezi." Vistika hivi vina historia yake. Nchini Marekani, Aprili 2018, tume ya biashara ya FTC iliziandikia kampuni 6 barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo ya kumnyima mteja waranti. Kila nchi na sheria yake, kwa hiyo usinifuate kichwakichwa. Soma masharti ya kwenu kwanza. Mimi nilikuwa nimeshachoka, na kadi ya kujibana haikuwa na faida kwangu ikiwa na waranti au bila.

Niliipasha joto kwanza kwa dakika chache ili pesti ilainike, kisha nikazima, nikachomoa kila kitu, nikaiweka mezani juu ya kitambaa. Skrubu tatu zilikuwa zimekazwa vizuri. Ya nne, hiyo hiyo yenye kistika, iligeuka kama vile haikushika kitu. Kipoza joto kikaachia kwa sauti ya kunata. Waya za feni zilikuwa fupi, ilibidi nikishike kwa mkono mmoja huku nikizichomoa kwa mwingine.

Katikati ya chipu hapakuwa na pesti. Palikuwa na kiduara kitupu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kinang'aa hadi naona taa ya dari ndani yake. Pesti yote ilikuwa imesukumwa pembeni na kukauka, imefanya ukoko wa kijivu kuzunguka chipu. Hii hutokea: chipu ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na kila safari inaisukuma pesti nje kidogo, hasa ikiwa nyepesi. Skrubu ikiwa imelegea upande mmoja, mambo huharakishwa.

Badala ya pesti niliweka karatasi ya Honeywell PTM7950. Ni kitu kigumu kikiwa baridi, kinalainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mapengo, na hakisukumwi nje kirahisi kama pesti. Kukikata na kubandua utando wake ni mateso. Dawa ni kukiweka kwenye friza kama dakika 15 kwanza, ukakibandua kikiwa bado na baridi. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, nikaharibu kipande kizima. Pedi za kumbukumbu, vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka chipu za kumbukumbu kwenda kwenye kipoza joto, sikuzigusa. Zilikuwa nzima, na ukikosea unene wake kwa nusu milimita tu, kipoza joto kinakaa juu ya pedi badala ya kukaa juu ya chipu, unarudi ulikotoka. Skrubu nikazikaza kwa msalaba, kidogokidogo, robo duru kila moja.

GPU 69. Hotispoti 83. Niliiacha saa nzima nikiitumbulia macho, haikuvuka 84. Renda dakika 39. Feni zimerudi kwenye ukimya wao.

Furaha haikuja kama nilivyotarajia. Ilikuja hasira, kwa sababu kazi yote, pamoja na kile kipande nilichoharibu, ilikuwa ya saa moja na nusu. Fundi wao angeifanya kwa dakika 20 kama angeshika bisibisi siku ile badala ya kalamu.

Niwatendee haki kwa jambo moja. Katikati ya majibu yao walinishauri nipunguze wati za kadi hadi asilimia 80. Ushauri wenyewe si mbaya, kadi nyingi zinapoteza spidi kidogo tu kwa hilo huku joto na kelele vikipungua sana, na sasa nautumia wakati wa renda ndefu. Ila kwa kadi yenye chipu iliyo wazi katikati ulikuwa ni kumpa mgonjwa wa mguu uliovunjika ushauri wa kutembea polepole.

Kama unanunua kadi mpya, siku ya kwanza kabisa iache ifanye kazi nusu saa, piga picha namba zote mbili, weka pamoja na risiti. Mimi sikuwa na namba za siku ya kwanza, na walinibana hapo: "Una uhakika haikuwa hivyo tangu mwanzo?" Nilikuwa na uhakika. Ushahidi ndio sikuwa nao.

Kwa kampuni hii sirudi, hata kama kadi yao ninayo hapa na inafanya kazi nzuri. Jana niliingia kwenye akaunti yangu nifunge ile tiketi, nikakuta haijafungwa. Hali yake imeandikwa: "Tunasubiri jibu la mteja."