Kuziba uvujaji wa kumbukumbu katika kerneli: goto au __free?

Katika seva moja tunayoitunza hapa Nairobi, kmemleak, zana ya kutafuta kumbukumbu iliyoombwa lakini haikuachiliwa, ilituonyesha vipande vya baiti 64 ambavyo hakuna kielekezi (kigeu kinachohifadhi anwani ya kumbukumbu) kilichovishika tena. Chanzo kilikuwa moduli ya usalama tuliyoiandika wenyewe kwa ajili ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji: ilipokuwa ikisoma sera (kanuni zake za usalama) iliomba kumbukumbu kwa kmalloc, ikakuta kosa, kisha ikarudi bila kuita kfree, inayoachilia kumbukumbu hiyo.

Njia ya kwanza, ambayo ni ya wakongwe, huelekeza kila kosa kwa goto, amri ya kuruka, hadi lebo moja mwishoni mwa funksheni, ambako kumbukumbu huachiliwa. Kiraka chake ni kifupi na hufaa hata kerneli za zamani, ingawa atakayeongeza return nyingine (amri ya kutoka kwenye funksheni) katikati atalizibua tundu lile lile.

Njia ya pili, iliyoingia katika toleo la 6.5 mwaka 2023, hutangaza kielekezi kwa __free(kfree), na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) yenyewe ikahakikisha kwamba kumbukumbu inaachiliwa kila funksheni inapomalizika. Hapa pana mtego: kielekezi kinachokabidhiwa kwingine lazima kipitishwe kwa no_free_ptr, inayozuia uachiliaji huo, la sivyo kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa itaendelea kutumika, jambo ambalo katika msimbo wa usalama ni baya kuliko uvujaji wenyewe. Kwa kuwa seva yetu ingali kwenye toleo la 5.15, tulichagua goto.