Mbegu za alizeti ya matawi: nimeuziwa milingoti

“Mama, alizeti ni alizeti.” Kijana wa duka la pembejeo kanijibu hivyo bila hata kunyanyua macho kwenye simu yake. Angesema samahani tu, nisingehangaika kuandika.

Mimi ni mtu wa Singida. Alizeti nimeipalilia kabla sijajua kusoma. Ile ya kwetu ina shina moja, kichwa kimoja, kikiinama unakata, unapiga kwa fimbo, unapeleka mashineni kukamua. Hiyo sihitaji kufundishwa na mtu. Nilichofuata hapa Arusha ni ile ya mapambo, inayotawi tangu chini na kuweka ua kila tawi. Ukikata la katikati, ya pembeni nayo yanafunguka. Nikaitaja kwa jina, Autumn Beauty, yenye njano, kahawia na wekundu wa damu ya mzee. Nikamwambia wazi sitaki ProCut, hizo ni za wenye mashamba ya maua: shina moja, ua moja, umekata umemaliza. Akaitikia “ndiyo, ndiyo” na kunipa bahasha ya kaki, jina limeandikwa kwa kalamu, mbegu wamezifunga wenyewe. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mbegu 12, shilingi 8,000!

Kwa kuwa ya matawi hutanuka, niliacha karibu sentimita 60 kati ya mche na mche. Nikaweka samadi, nikamwagilia, usiku natoka na tochi kuwinda konokono. Zikaota zote, hapo sina neno. Zikapanda, zikazidi kupanda, na ubavuni hakuna hata kijitawi. Na ile nafasi niliyoacha ndiyo iliyoniumbua: bustani ikawa nguzo za umeme zinazosubiri nyaya, chini vumbi tupu. Jirani akachungulia juu ya michongoma, “Jamani, ndiyo umeamua kukamua mafuta?”

Nikaenda dukani na picha. Ndiyo siku niliyopewa hayo maneno niliyoanza nayo. Nilipozidi kulalamika akaongeza, “Kata vichwa, vitachipua.” Nami kwa hasira nikakata kweli, mashina manne. Vikatoka viua viwili vitatu kama vifungo vya koti, basi. Kijana mwenyewe sidhani kama amewahi kupanda hata mchicha.

Sasa niseme na hili, ingawa linaniuma. Miwili kati ya ile 12, kule karibu na tanki la maji, ilikuwa imebaki nyuma nikidhani imedumaa. Kumbe ilikuwa inatawi! Jamani. Asubuhi moja nikakuta ua la rangi ya kahawia iliyoiva, ukingo wa dhahabu, na chini yake vitumba vimejipanga kila kwapa la jani. Mmoja nimeuhesabia maua 17. Zaidi ya mwezi sijakosa ua mezani. Kitambaa kimejaa chavua, na anayechukia hilo atafute aina isiyo na chavua kama Moulin Rouge, nayo hutawi. Mimi sijali, nyuki wangu wanashinda pale tangu jua kuchomoza.

Nilikuja hapa kutoa nyota 1. Kwa ile miwili ningetoa 5. Basi niweke 2... hapana, 3, nimetoka kuitazama tena. Yule kijana abaki na sifuri yake.

Tabu ni kwamba mbegu nilizovuna siziamini. Nyuki hao hao wamepita kwenye ile milingoti kumi kabla ya kuja kwenye miwili yangu, kwa hiyo zitakazoota huenda zikawa chotara. Nataka mbegu mpya, na duka linalouza Autumn Beauty karibu nami ni lile lile. Juzi nimemtuma mtoto wa dada yangu, nikamwambia asitaje katumwa na nani.