Krosova ya kifahari yenye mgongo wa kuteremka: gari nalipenda, wenyewe wamenitosa

Ukitaka kununua krosova ya kifahari (gari la kawaida lililoinuliwa kama la porini) ya umbo la ajabu ajabu, usihangaike kuuliza inakimbiaje. Uliza mpira wa kioo cha nyuma unapatikana wapi.

Langu ni lile lililoinuka chini kama gari la porini, halafu paa linaanza kuteremka juu ya kiti cha nyuma mpaka kwenye buti. Kampuni siitaji. Kipindi fulani cha mvua nilifungua buti nikakuta zulia limelowa. Ukilibonyeza kwa kidole maji yanachuruzika. Fundi wangu akanionyesha mpira unaozunguka kioo: umepasuka kwenye kona ya kushoto, ufa wenyewe hauzidi ukucha. Kioo kimelala mno, akasema, maji hayashuki upesi, yanatuama palepale yakitafuta pa kupenya.

Kitu kidogo, si ndiyo? Nikaenda karakana rasmi ya kampuni. Kijana wa mapokezi akaingiza namba ya chesisi, akatazama skrini, akacheka. Akacheka! "Bosi wangu, modeli hii walishaacha kuitengeneza. Mpira wake hauingiliani na wa gari lingine. Ungechukua ile ya kawaida, saa hizi ungekuwa umeshaondoka." Nikauliza oda inachukua muda gani. Nitapigiwa simu. Simu hiyo naisubiri mpaka leo, na kona ya kioo nimeipaka silikoni kama mtu anayeziba dirisha la bafu.

Maneno ya yule kijana yamenikaa kooni, lakini wenye kesi hasa ni wakubwa wake waliokaa mezani wakaamua gari hili litoke, kisha mauzo yaliposuasua wakaligeuzia kisogo. BMW walipoleta X6 mwaka 2008 walichekwa kweli: gari refu kwenda juu, ila abiria wa nyuma anapunguziwa nafasi ya kichwa na buti linabanwa, yote kwa ajili ya sura. Wakakaza. Mwaka 2014 kizazi cha pili, 2019 cha tatu, na washindani waliokuwa wakitazama kwa mbali wakaingia wenyewe: Mercedes na GLE Coupe, Porsche na Cayenne Coupe. Upande mwingine kuna Acura ZDX ya kwanza, mgongo wa namna hiyohiyo: ilipofika 2013 ikaachwa. Range Rover Evoque ya paa la kukunja nayo haikukaa sana sokoni.

Land Rover, hao hao wenye Range Rover, mwaka 2018 walitangaza Range Rover SV Coupe ya milango miwili, zisizozidi 999. Mwanzoni mwa 2019 wakaifuta kabla haijaingia barabarani. Walisemwa sana, lakini mimi nawapa mkono. Aliyeweka oda alipoteza ndoto. Mimi napoteza zulia.

Sisemi wasithubutu. Lamborghini ya leo bila Urus, gari lao lililoinuka, sijui ingekuwa wapi, na Rolls-Royce Cullinan, nayo ya kuinuka, ilipotoka 2018 kuna waliolalamika kana kwamba wamefiwa. Wathubutu tu! Ila wapige hesabu ya mpira, kioo na bawaba kabla ya hesabu ya taa za maonyesho. Kama hamna uhakika, liacheni kwenye jukwaa gari lenu la mfano, tupige picha, twende nyumbani.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na neno moja tu: msinunue. Nimetoka nje mara moja kukagua silikoni kama imeshika, nikasimama ubavuni, nikautazama ule mstari wa paa unavyoshuka bila kukatika hadi kwenye taa. Ile "ya kawaida" aliyonisimanga nayo yule kijana haina kitu hiki. Singeichukua hata leo. Hata kioo cha kati, ambacho ndani yake unaona nyuma kwa upenyo tu, nimekizoea.

Kwa hiyo gari nalipa nyota nne. Huduma, sifuri, na wakinipigia simu kesho ibaki sifuri. Ngoja, gari tatu. Zulia bado linanuka.