Stendi, Jeki au Meza? Kuchagua Kinyanyulio cha Pikipiki kwa Gereji ya Nyumbani

Pikipiki iliyoegemea stendi ya pembeni inakunyima kazi nyingi. Cheni huwezi kuizungusha yote na kuipaka grisi bila kuisukuma pikipiki hatua moja moja. Gurudumu huwezi kulitoa, beringi za usukani huwezi kuzipima, na hata oili ukiiangalia kwenye kioo cha injini inakudanganya, kwa sababu chombo chenyewe kimelala upande. Kwa hiyo kila anayeanza kujifanyia sevisi mwenyewe hufika mapema kwenye swali la kununua kitu cha kuinyanyulia.

Wengi huanza kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye boksi: kilo 450, kilo 500, kilo 680. Namba hiyo haikusaidii sana. Pikipiki ndogo za cc 125 zina uzito wa kilo mia na ushei, za cc 600 za kukimbia ziko kwenye kilo 190 hadi 200, na hata Honda Gold Wing ya sasa, pamoja na ukubwa wake wote, haifiki kilo 400. Nguvu ya kubeba karibu kila kifaa kinayo. Kinachoangusha pikipiki gerejini ni kuyumba. Cha kuuliza ni kifaa kinashika wapi, kwa upana gani, na kitatuliaje pale utakapoegemea spana kwa uzito wako wote.

Kwanza lala chini uangalie

Kabla hujatoa hela, chukua tochi, lala sakafuni, utazame tumbo la pikipiki yako. Unatafuta mabomba mawili ya fremu yanayopita chini ya injini, moja kushoto na jingine kulia. Ukiyaona, na hayajafunikwa na ekzosi, jeki yoyote ya maana itapata pa kushika. Usipoyaona, maana yake injini yenyewe ndiyo sehemu ya chini kabisa, na jeki itakaa juu ya alumini nyembamba ya tumbo la injini, au juu ya filta ya oili, au kwenye kona ya bomba la moshi. Hapo jeki si chaguo lako, hata iwe nzuri namna gani. Skuta nyingi ziko hivi pia.

Kisha sogea nyuma, uangalie ule mkono unaoshika gurudumu, yaani swingamu. Karibu na ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, pande zote mbili, pikipiki nyingi huwa na tundu lenye nyuzi za boliti. Tundu hilo ni la kufungia bobini, vile vigurudumu vya plastiki au alumini ambavyo stendi huvidaka. Boliti zake huwa za mm 6, 8 au 10, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza. Kama pikipiki yako ina mkono mmoja tu wa nyuma, itahitaji stendi ya pini inayoingia katikati ya ekseli, na kipenyo cha pini hiyo hutofautiana kulingana na modeli.

Mwisho, mtu mwingine aisimamishe pikipiki wima nawe upime kutoka sakafuni hadi kwenye fremu. Jeki ambayo kimo chake cha chini kabisa ni sm 12 haiwezi kuingia penye sm 10. Kipimo hiki wengi hukiruka, wakaishia kupandisha magurudumu juu ya vipande vya mbao ili jeki ipite, na huko ndiko kuyumba kunakoanzia.

Nafasi ya kwanza: stendi ya padoki ya nyuma

Hiki ndicho kifaa ambacho ningemshauri karibu kila mtu aanze nacho. Ni fremu ya chuma yenye magurudumu mawili madogo na mpini mrefu. Unaisukuma chini ya swingamu, unabonyeza mpini hadi chini, na gurudumu la nyuma linaning'inia sentimita chache juu ya sakafu. Hakuna oili ya kuvuja wala sili, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, ya kuchakaa.

Naipenda kwa namna inavyoshika. Inabeba pikipiki sehemu mbili zilizo mbali moja na nyingine, kushoto na kulia kwa ekseli, huku gurudumu la mbele likibaki chini. Ni pembetatu pana. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kwa kuwa inanyanyua kwa swingamu, shokapu ya nyuma inabaki imebeba uzito kama pikipiki ikiwa imesimama yenyewe. Ukipima ulegevu wa cheni hapo, unapata kipimo kilicho karibu na hali halisi. Jeki ya chini ya fremu huliacha gurudumu lining'inie, shokapu hunyooka yote, na ulegevu unaoupima hapo ni mwingine kabisa. Nimeona cheni zilizokazwa kupita kiasi kwa sababu hii, zikala sproketi (gia za meno zinazoshika cheni) na beringi kabla ya wakati. Kwa vyovyote, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia ipimwe katika hali gani.

Chagua yenye vidaka-bobini vya umbo la V kuliko yenye pedi za mpira za umbo la L. Pedi hufanya kazi, lakini huteleza kama swingamu ina grisi, na swingamu ya pikipiki yenye cheni haikosi grisi. Angalia pia kama upana unarekebishika, na kama boliti za kurekebishia zinakaza kweli.

Namna ya kuipandisha ukiwa peke yako: iache pikipiki kwenye stendi ya pembeni, funga breki ya mbele kwa ukanda wa mpira uliozungushwa kwenye mpini wa usukani, simama upande wa kushoto, shika mkia kwa mkono mmoja, isimamishe wima, elekeza vidaka kwenye bobini, ndipo ubonyeze mpini. Mara tano za kwanza awepo mtu upande wa pili.

Na ikishakuwa juu, tafadhali, usiwashe injini ukatia gia ili cheni ijizungushe yenyewe huku ukiipaka mafuta. Zungusha gurudumu kwa mkono. Cheni na sproketi vikikamata kitambaa ulichoshika, vidole vinafuata, na hakuna mtu mwenye wepesi wa kuvitoa.

Upande wa mbele una stendi zake, na usiitumie hata moja kabla ya nyuma kuwa imenyanyuliwa. Ile inayosukuma chini ya shokapu za mbele inatosha kwa kutoa gurudumu. Ile yenye pini inayoingia kwenye tundu chini ya kichwa cha usukani hukuwezesha hata kuzitoa shokapu zenyewe. Kama hela inatosha moja tu, chukua ya pini.

Sasa, kama pikipiki yako ina stendi ya kati, ile wengine huita stendi kubwa, tunza hela zako. Umeshapata zaidi ya nusu ya unachohitaji. Nunua jeki ndogo ya mkasi tu, uiweke chini ya fremu kwa mbele na ubao juu yake, na gurudumu la mbele litanyanyuka bila shida. Pikipiki nyingi ndogo za kazi zinatoka kiwandani na stendi hii, na wenye nazo hawana haja ya kuitafuta padoki.

Nafasi ya pili: jeki ya haidroliki ya mikono miwili

Hii ni ile jeki pana yenye pedeli ya mguu na mikono miwili iliyovikwa mpira. Nyingi zimeandikwa kilo 680, hushuka hadi kama sm 11 au 12 na kupanda hadi karibu sm 40. Kwa pikipiki nzito zenye fremu chini ya injini, hii ni kifaa bora, kwa sababu inanyanyua magurudumu yote mawili kwa mpigo.

Naiweka ya pili kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe. Nilikuwa nimeshainyanyua pikipiki yangu nikitaka kutoa gurudumu la nyuma, na nati ya ekseli nilikuwa sijailegeza. Nati hiyo kwenye pikipiki kubwa hukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 100 hivi. Nikatia spana ndefu, nikavuta. Nati haikusogea, ila pikipiki yote iligeuka kwenye zile pedi za mpira, taratibu, kama mlango unaofunguka. Niliikumbatia tangi kwa kifua, spana ikaanguka, na nikabaki nimeishikilia hivyo hadi aliyekuwa ndani ya nyumba aliposikia sauti yangu akaja kubonyeza pedeli ya kushushia. Haikuanguka. Tangu siku hiyo kila nati kubwa nailegeza magurudumu yakiwa chini, na ya kukaza mwisho naikaza yakiwa chini vilevile.

Uzito nao huhama. Ukitoa gurudumu la mbele pamoja na diski zake, umepunguza kilo kadhaa mbele, na pikipiki iliyokuwa imetulia itaanza kuinamia nyuma. Kwa hiyo jeki hii ni lazima uinunue na mikanda ya kukazia, na iwe na vitundu vya kufungia mikanda hiyo. Isiyo navyo, iache.

Jambo la pili la lazima ni komeo la chuma. Oili ya haidroliki hupita kwenye sili zilizochoka, na jeki hushuka yenyewe bila kukuarifu. Kazi ya oili ni kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya chuma: pini au kiungo kinachoingia kwenye meno ya jeki ikishafika juu. Usiweke mkono wala mguu chini kabla hujaisikia ikiingia.

Magurudumu yake madogo yanadai zege gumu. Kwenye udongo au matofali yenye mianya, tandika kipande kipana cha plaiwudi ya mm 18.

Nafasi ya tatu: meza ya kunyanyulia

Mgongo wako utaipenda meza kuliko kitu kingine chochote. Pikipiki inapanda kwenye njia ya chuma yenye urefu wa kama mita 2.2, unakanyaga pedeli au unawasha kompresa, meza inapanda hadi karibu sm 75 hadi 80 juu ya sakafu, na kazi yote inakuja kati ya kiuno na kifua. Anayefungua injini mara kwa mara, au ambaye magoti yamekataa, basi meza kwake ni ya kwanza, tena bila mjadala.

Lakini wanunuzi hushtuka wanapogundua kwamba meza hainyanyui magurudumu. Pikipiki inasimama juu yake kwa magurudumu yake, ikishikwa na kibano cha gurudumu la mbele na mikanda. Ukitaka kutoa gurudumu, bado utahitaji stendi au jeki juu ya meza, na ni vema meza iwe na kipande cha nyuma kinachotoka ili gurudumu lishukie hapo. Jumlisha gharama hizo tangu mwanzo. Pima na dari: pikipiki ndefu yenye kioo cha upepo ni mita 1.4, ongeza sm 80, tayari umefika mita 2.2. Meza nyingi zenyewe zina zaidi ya kilo 100, kwa hiyo mahali utakapoiweka ndipo itakapokaa.

Zilizobaki

Jeki ya mkasi peke yake, bila stendi ya kati, ni nyembamba mno kwa kazi yoyote ya kuvuta. Cheni bloku, yaani winchi ya cheni inayoning'inizwa darini, ni ya mtu anayeijua boriti yake na uwezo wake, na iwe ya kusaidia tu. Jeki ya gari yenye kisahani cha duara usiitumie kabisa, hata ukiweka ubao: inashika sehemu moja katikati, na pikipiki ina pande mbili za kuangukia.

Ukishanunua chenye haidroliki, usipandishe pikipiki siku ya kwanza. Kagua maungio ya kuchomelea, futa silinda iwe kavu, kisha kibebeshe mifuko ya mchanga inayokaribia uzito wa pikipiki yako, bila kufunga komeo. Piga alama ya chaki ukutani kwenye usawa wake, ulale. Asubuhi alama ikiwa juu ya kifaa, au silinda ikiwa na unyevu wa oili, kirudishe dukani ukiwa bado na risiti.