Kununua rashasha yako ya kwanza Marekani: usilipe kabla hujaiona bodi

Nilinunua M11/9, rashasha ndogo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nafuu sokoni, na nafuu ya rashasha hapa Texas ilikuwa dola 8,000 na ushee. Siku ya kwanza uwanjani, magazini ya risasi 32 iliisha ndani ya sekunde mbili. Nilipoifungua nyumbani kuisafisha, kidole kikanata. Kile kimpira cha nyuma kinachopokea kishindo cha bolti (chuma kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka) kilikuwa kimeyeyuka kama bigijii iliyotafunwa. Nikakibandua. Nyuma yake bati la bodi (kiunzi cha chuma kinachoshika vipande vyote vya bunduki) lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Wengi mnaoniandikia mnauliza kodi ya serikali ya kununua rashasha. Kodi ni dola 200, ileile tangu 1934, pamoja na picha, alama za vidole na fomu ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Ulizeni bodi! Tangu Mei 19, 1986 raia hawezi kusajiliwa rashasha mpya, kwa hiyo tunauziana zilezile za zamani. Kilichosajiliwa ni kipande kimoja chenye namba, mara nyingi bodi. Mtutu, springi na bolti utabadilisha upendavyo. Bodi unaruhusiwa kuitengeneza, lakini ikiharibika kabisa huwezi kuhamishia namba yake kwenye mpya. Dola zako zimekwenda nayo.

Ndiyo maana nasema nunua Colt M16, na sitabadilisha neno. Bei yake inapita dola 30,000, najua. Lakini bodi yake ya chini, yenye namba, haibebi nguvu ya mlipuko. Inayoumia ni sehemu ya juu, na hiyo inauzwa duka lolote la bunduki. Kama una miaka miwili ya kudunduliza, dunduliza.

Ya pili ni rashasha ndogo ya MP5 yenye kile kichuma kidogo cha kufyatulia kilichosajiliwa, kama vya kampuni ya Fleming. Bunduki ikichakaa, unakihamishia kwenye nyingine. Ila kidogo hivyo, nacho huvunjika. Bunduki iitwayo Uzi naiweka ya tatu: bodi nene, mwendo wa taratibu, risasi haziishi kwa pupa. M11/9 na ndugu zake, nunua tu ukiwa umeona nyuma ya bodi kwa macho yako.

California, New York na Illinois usihangaike, majimbo hayo hayaruhusu.

Wauzaji ndio wanaoniumiza roho. Wanapokea pesa yote kabla kibali hakijatoka, na bunduki inabaki kwao. Wangu alinitumia picha kumi na mbili, zote za nje, zimepakwa mafuta ziking'aa. Nilimwomba moja tu ya ndani. Akajibu kwamba ni silaha ya kukusanya, haifunguliwi ovyo. Nilipompelekea picha ya ufa akasema mauzo yameisha. Fundi wa kuchomelea alinitoza dola 400, na kila nikitoka uwanjani naifungua kwanza, nautazama ule mshono kwa tochi.